Filamu Iliyoachwa Ulimi Nje

Saa nne na dakika kumi asubuhi lori la kwanza liliingia katika uwanja wa kanisa huko Mulekera, mjini Beni. Najua saa hiyo kwa sababu nilikuwa nikipima jua. Saa nne jua la Beni bado linamulika uso kutoka ubavuni. Ikifika saa sita linakuwa juu ya kichwa na kila mtu anaonekana ana matundu mahali pa macho. Nilitaka kumaliza kabla ya hapo.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo. Watu walikuwa wakitoka upande wa msitu, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya mbao ambayo hayakuwa tena na mbao za kubeba. Kati yao walikuwamo watoto waliofika bila mtu wao. Mkuu wa akina mama wa kanisa lile, mwanamke mpana aliyezoea kupanga maharusi na mazishi kwa sauti ile ile, alinitumia habari Butembo, kwenye studio yangu ndogo ya Kimemi. Alitaka niwapige picha watoto hao mmoja mmoja. Picha zingebandikwa makanisani, ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki, kutoka Beni mpaka milima ya Lubero, ili mzazi akipita amwone wake.

Alikuwa na utaratibu wake, na sikuupinga. Chini ya kila picha ingeandikwa namba tu. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna mahali mtoto alipo. Alisema watu wa uongo ni wengi wakati wa vita, na mtoto mwenye nguvu ya kuchota maji anaweza kupata baba watatu kwa siku moja. Anayemjua mtoto kweli angemjua kwa uso, kisha angemweleza pasta alama nyingine ambazo picha haionyeshi.

Siku hizi vijana wanakuja kwangu wakitaka kufanya kazi ya picha za habari. Wana simu zenye lensi bora kuliko yote niliyowahi kumiliki. Wananiuliza nilisomea wapi. Sikusoma popote, nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kilichokosa jalada na sura mbili za mwisho, na niliharibu karatasi nyingi. Wanauliza pia jinsi ya kupita karibu na risasi. Mimi huanza na blanketi.

Nilikuwa na blanketi la rangi ya majivu mazito, lenye mstari mwembamba mweupe ukingoni. Nililitundika nyuma ya kila mtu niliyempiga nje ya studio. Nyuma ya mtoto aliyefika jana kuna sufuria, miguu ya watu, nguo zilizoanikwa, na mama wa mwingine anayelia. Mwenye kutazama picha ataangalia hayo yote kabla ya uso. Blanketi linanyamazisha vitu vyote hivyo. Basi nililifunga kati ya nguzo mbili za baraza la kanisa, nikalaza mashine ya picha kwa upana, kama nilivyozoea, nikaweka kila uso katikati.

Nilitumia filamu ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu hiyo niliweza kuisafisha mwenyewe. Ya rangi ilikuwa lazima ivuke mpaka kwenda Uganda na kurudi.

Watoto wengi walijieleza. Aliyepigwa picha wa kumi na saba, kwa mfano, alitaja baba yake, babu yake, na mbwa wao. Wa kumi na sita hakusema kitu. Alikuwa msichana wa miaka saba hivi. Mama wa kanisa alimsemesha kwa Kiswahili, kwa Kinande, kisha mwanamke mwingine akamjaribu kwa lugha za msituni mbili au tatu. Mtoto alitazama mdomo wa kila mmoja kama mtu anayetazama mashine ya kusaga. Alikuwa na kovu la moto upande wa kushoto wa shingo, limekunjamana kama jani la kabichi.

Mama wa kanisa alimgeuza kidogo ili kovu lipate mwanga. Akaniambia:

“Bale bengine tutabauliza. Huyu iko na ile shingo tu. Papa, huyu usimuharibu.”

Nilimpiga mara moja. Hatukuwa na filamu ya kumpiga mtu mara mbili.

Walipokwisha, nilikuwa nimefika picha ya ishirini na mbili, na filamu ilikuwa na nafasi thelathini na sita. Hapa lazima nieleze desturi ya kazi yetu ya wakati ule. Filamu ilikuwa ghali, na mwenye mashine moja hakuweza kuitupa nusu yake. Ukitaka kubadilisha, uliirudisha ndani ya kopo lake polepole, sikio likiwa karibu na mashine, mpaka usikie ulimi wa filamu umeachia gurudumu. Hapo ulisimama. Ulimi ulibaki nje, na juu yake uliandika kwa kalamu ya risasi namba uliyofikia. Siku ya kuirudisha ulifunika lensi kwa kifuniko chake na kupiga gizani mpaka upite namba hiyo. Kosa la desturi hii ni moja: filamu yenye ulimi nje ni sawa kabisa na filamu mpya. Iliyomeza ulimi ndiyo kila mtu anajua kwamba imetumika.

Niliandika ishirini na mbili, nikaitia mfukoni mwa begi. Nilitaka kuimalizia Butembo kwa picha za vitambulisho. Kisha nikaweka filamu ya rangi, kwa sababu mwandishi mmoja wa gazeti la ng'ambo ya mpaka alikuwa ameniomba picha za malori. Nilipiga malori. Nilipiga pia askari waliobeba mabati mabegani, kutoka nyumba ambazo wenyewe hawakuwapo.

Saa nane mchana nilikuwa juu ya pikipiki, nyuma ya dereva, kuelekea Butembo. Kwenye barieri ya pili, kizuizi cha askari barabarani, kamba ilikuwa imeshushwa. Juma lile askari wa barieri walikuwa wakitafuta filamu. Inasemekana picha fulani ilikuwa imetoka mahali fulani na mkubwa wao hakuipenda. Askari aliyenishusha alikuwa kijana mrefu mwenye fulana ya timu ya mpira chini ya koti la kijeshi. Hakuwa mkali. Alifungua mashine yangu mwenyewe, na kwa jinsi alivyoifungua nilijua si mara yake ya kwanza. Aliivuta filamu ya rangi juani yote, mkono kwa mkono, kama mtu anayepima kamba ya kufungia mbuzi. Malori na mabati vikaisha hapo.

Ndiyo maana nawaambia vijana: kitu unachokihitaji sana kisiwe ndani ya mashine unapofika barieri. Leo kisiwe ndani ya simu uliyoshika mkononi.

Akapekua begi. Alitoa filamu moja iliyomeza ulimi, harusi ya watu wa Kimemi, akaitia mfukoni. Alitoa ile ya watoto, akavuta ulimi kidogo kwa kidole. Namba ya kalamu ilikuwa upande wa chini, hakuigeuza.

“Hii iko mupya,” alisema. Akafurahi. “Donc, basi uko na kazi. Unipige foto.”

Dereva wangu wa pikipiki alicheka, akamwambia kwamba mtu hawezi kumnyang'anya fundi nyundo halafu amwombe meza. Askari naye alicheka, akamjibu kwamba nyundo moja bado iko hapo, akaonyesha ile filamu. Kisha aliniuliza studio yangu iko wapi. Nilimwambia ukweli, kwa sababu imeandikwa kwenye begi. Alisema atakuja kuchukua picha siku kumi baadaye, na kwamba hapendi kudanganywa na watu wa Butembo, maana ni wafanyabiashara hata wakiwa usingizini.

Sikuwa na filamu nyingine. Niliweka ile ya watoto, nikafunika lensi, nikaanza kupiga gizani. Nilitakiwa kufika ishirini na tatu. Askari aliangalia. Picha tatu za mwanzo zilimpendeza kama sehemu ya ufundi. Kufikia ya nane alianza kuhesabu kwa sauti pamoja nami. Kufikia kumi na tano aliweka kiganja juu ya mkono wangu.

“Fotografe wa Beni ye anapiga mbili tu ya bure. Weye unapiga hewa mupaka wapi?”

Nilisema mashine ni ya zamani, inahitaji kupashwa moto. Alikitoa kifuniko cha lensi yeye mwenyewe, akakishika ngumini.

“Inatosha. Moja tu. Ukipiga mbili, mashini inabaki hapa.”

Nafasi iliyokuwa mbele ya lensi sasa ilikuwa ya kumi na sita.

Sikuwa na woga mkubwa wakati ule. Ulikuja baadaye, nilipokuwa nikila. Pale nilikuwa nikifanya hesabu ya fundi. Filamu ni kama udongo mweupe wa ukuta: mahali palipopata mwanga pamekwisha andikwa, mahali palipobaki giza panaweza kuandikwa tena. Uso wa msichana ulikuwa katikati. Pembeni yake, kulia na kushoto, lilikuwapo blanketi tu, yaani giza. Nikimweka askari pembeni, na katikati nikaacha giza jingine, wote wawili wangeweza kukaa katika nafasi moja bila mmoja kumfuta mwenzake.

Nyuma ya barieri palikuwa na kibanda cha udongo, mlango wazi, ndani giza tupu kwa sababu ya jua la nje. Nilimwomba askari asimame kwenye nguzo ya mlango, upande wa kushoto wangu. Nililaza mashine, nikauweka mlango katikati.

“Mbona unaangalia mulango?” aliuliza. “Mimi niko huku.”

Nilimjibu kwamba picha ya mkubwa huonyesha pia nyumba yake. Dereva alikohoa. Askari alinyoosha mgongo. Nilimwomba asimamishe bunduki wima, karibu na mguu, akafanya hivyo. Lakini kidole changu kilipokuwa kikishuka aliiinua na kuilaza mbele yake, kama wanavyopenda kupigwa. Mdomo wa bunduki uliingia mlangoni. Nilikuwa nimekwisha bonyeza.

Alinirudishia kifuniko, akainua kamba.

Kesho yake niliisafisha filamu katika chumba changu cha giza, ambacho mchana kilikuwa stoo ya makaa. Watoto ishirini na mmoja walikuwa salama. Wa kumi na sita alikuwapo pia. Hesabu ilikuwa sahihi kuliko nilivyotumaini: katika picha nzima, askari alisimama kwenye nguzo, na ndani ya mlango wake alisimama msichana, akitutazama, kama mtoto wa nyumba ile anayetoka kuona nani amekuja. Mtu asiyejua angeapa kwamba walipigwa pamoja.

Nilikata picha mbili kutoka nafasi hiyo moja. Ya askari ilikuwa yeye na nguzo. Ya msichana ilikuwa uso na shingo. Lakini mdomo wa bunduki ulifika chini kidogo ya kovu, na sikuweza kuuondoa bila kukata kovu. Nilijaribu kuufuta kwa kivuli cha kadibodi wakati wa kuchapa, likatoka doa baya kuliko bunduki. Nilifikiria. Bila kovu, ni msichana yeyote wa miaka saba. Nikaacha bunduki. Nikaandika namba kumi na sita mbele, nikapiga muhuri wa studio nyuma kama desturi, na picha zikaenda makanisani.

Askari alikuja siku ya kumi na moja. Aliitazama picha yake muda mrefu, akauliza mlango umekwenda wapi. Nilisema haukutoka vizuri. Aliomba nakala ya pili kwa ajili ya mama yake, akaondoka nazo zote mbili. Sikumwona tena.

Juma la tatu waliingia studio mwanamke na mwanamume kutoka Kipese, kule juu kwenye mashamba ya viazi. Walikuwa na matope mpaka magotini, na walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Mwanamume alikuwa shemeji wa yule mwanamke, mdogo wa marehemu mumewe. Mwanamke hakuketi. Alitoa picha namba kumi na sita katika kitambaa, akaiweka juu ya meza. Pasta wao alikuwa amewaambia waende Mulekera kwa mama wa kanisa. Hawakwenda. Waligeuza picha, wakaona muhuri wangu, wakaja kwangu kwanza, kwa sababu waliamini mimi ndiye niliyemwona askari.

Shemeji ndiye aliyesema. Alisema kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hakikusudiwa kuuzwa.

“Papa, ule askari anaomba ngapi?”

Sikuelewa mara moja. Alinionyesha mdomo wa bunduki kwa ukucha. Alisema wamejua mtoto ni wao tangu Jumapili walipoiona picha kanisani. Alikuwa amepelekwa msituni kwa shangazi yake aliyelima mpunga, kabla ya vita kufika huko. Ukoo mzima ulikaa, ukaona bunduki, ukaelewa kwamba mtoto ameshikwa na kwamba picha imetumwa ili wajue pa kupeleka pesa. Waliona pia kwamba haikuandikwa kitu chochote, na hilo liliwahakikishia: mwenye kushika mtu haandiki jina lake.

Nilifanya anachofanya mtu anayeamini picha. Nilichukua filamu, nikatoa picha nzima ya kumi na sita, ili waone bunduki ni ya nani na mtoto yuko wapi. Ilikuwa dawa mbaya. Sasa walimwona askari mwenyewe, na binti yao mlangoni pake. Mwanamke aliketi chini, sakafuni.

“Anamuoa?” aliuliza. “Batoto ya vile banawaoa?”

Nilieleza habari ya ulimi wa filamu. Nilieleza nafasi moja kupigwa mara mbili. Shemeji alisikiliza kwa heshima, na nikaona haniamini. Ningekuwa yeye nisingeamini. Maneno yalikuwa ya mtu aliyelipwa na askari.

Basi nikashusha blanketi kutoka rafu. Nikaweka mbele yao picha ya kumi na tano na ya kumi na saba, nikawaonyesha mstari mweupe ukingoni. Halafu nikampa mwanamke kioo cha kukuzia, nikamwambia atafute mstari huo katika picha ya binti yake. Alitafuta taratibu. Ulikuwapo, ukikatiza ndani ya mlango wa kibanda, juu ya bega la mtoto, mahali ambapo hakuna sababu ya mstari kuwapo. Alishika ukingo wa blanketi kwa mkono mmoja na kioo kwa mwingine. Alitazama kimoja, akatazama kingine.

“Alisimama hapa,” alisema.

“Hapo hapo. Kwa kanisa.”

“Askari hakuwa?”

“Hapana. Alikuja baadaye, kwa njia.”

Aliinuka. Alisema “wasingya”, ahsante ya Kinande, akamwambia shemeji yake wafuate gari la Beni kabla halijajaa.

Niliandamana nao, kwa sababu mama wa kanisa alikuwa na masharti yake na nilijua angewasumbua. Aliwasumbua kweli. Aliuliza kovu lilitoka wapi, na mwanamke akasema lilitokana na uji wa moto, siku ya mazishi ya mume wake, nyumba ilipokuwa imejaa watu. Mama wa kanisa akafunga daftari lake, akatupeleka nyumba ya tatu nyuma ya kanisa, kwa familia iliyokuwa imempokea msichana.

Alikuwa akichambua mchicha. Alimwona mama yake, akaacha mchicha, akaja akashika kitenge chake kwa ncha, kama mtoto anayefuata mtu sokoni. Hakulia. Kitu cha kwanza alichosema, kwa Kinande, baada ya majuma yote yale, kilikuwa swali: je, ng'ombe amezaa?

Shemeji aliangalia pembeni. Mama wa mtoto alimjibu kwamba watazungumza njiani.

Ng'ombe alikuwa mwenye mimba, na walikuwa wamemuuza kwa mchinjaji wa Butembo asubuhi ile ile waliyoshuka, ili wakimpata huyo askari wawe na pesa kamili mkononi. Walipouza hawakubishania bei. Mchinjaji aliona matope na nguo za kanisani akajua ni watu wenye haraka. Tulipopita kwake jioni, tukirudi na mtoto, ng'ombe alikuwa amekwisha chinjwa; ndama aliyetolewa tumboni mwake ndiye alikuwa amebaki kuonyesha kwamba jambo hilo lilitokea, ametupwa kando.

Nawaambia vijana wanaokuja: mtu hasomi picha uliyopiga. Anasoma picha anayoiogopa. Ukikiacha kitu ndani yake kwa sababu nzuri, kiandikie maneno, hata kama mwenye kazi amesema namba tu. Mwombe sentensi moja, mshawishi. Msichana alipatikana kwa sababu ya kovu, na kovu lilibaki pamoja na bunduki. Nikipewa nafasi ile tena nitaikata picha vile vile, ila sitaituma bila kuandika: bunduki si ya mahali hapa.

Shemeji alihesabu pesa za ng'ombe mbele yangu kwenye kituo cha magari, si kwa kuonyesha, bali ili nijue kwamba hakuna askari aliyepewa. Baada ya kulipa gari la kwenda Beni na la kurudi, na nauli ya watu watatu mpaka Kipese, zilibaki dola mia moja thelathini na nane.